Ukuta Mmoja, Udongo wa Aina Tatu: Suala la Ardhi ya Clos de Vougeot

Kati ya Dijon na Beaune, mashariki mwa Ufaransa, kuna shamba la mizabibu lililozungushiwa ukuta wa mawe tangu karne ya 14. Linaitwa Clos de Vougeot. Lina hekta 50 na ushei, na mvinyo mwekundu unaotokana na zabibu zake, ziwe zimechumwa juu kabisa mteremkoni au chini kando ya barabara kuu, unaruhusiwa kisheria kubeba cheo cha Grand Cru, daraja la juu kuliko yote katika nchi ya Bourgogne. Lakini waulize wanaolilima na wanaolipima udongo: wote watakwambia kwamba ardhi ile si ya namna moja.

Hapo ndipo lilipo suala zima. Sifa ya mvinyo inatoka udongoni, mkononi mwa mkulima, au katika jina lililochapishwa kwenye chupa? Ni mashamba machache duniani yanayofaa kulichambua suala hili kama Clos de Vougeot. Historia yake ina karne tisa, udongo wake umepimwa sentimita kwa sentimita, na wamiliki wake leo ni takriban 80. Hoja yangu ni kwamba udongo wa shamba hilo haujamdanganya mtu. Kilichobadilika ni umiliki. Jina moja lilikuwa la haki pale zabibu za shamba zima zilipoingia katika ghala moja. Shamba lilipokatwa vipande, jina likabaki zima, na tangu hapo mnunuzi ndiye anayebeba mzigo wa kubahatisha.

Nchi ilivyoumbika

Takriban miaka milioni 170 iliyopita, sehemu hiyo ya Ufaransa ilikuwa chini ya bahari ya joto isiyo na kina kirefu. Makombe ya chaza, vipande vya viumbe wa jamaa ya kiti cha pweza na chembechembe za chokaa vililala sakafuni mwa bahari, tabaka juu ya tabaka, hadi vikashikamana na kuwa mwamba. Baadaye sana, miaka zaidi ya milioni 30 iliyopita, ardhi ilipasuka. Upande wa mashariki ukadidimia na kuwa bonde la mto Saône, upande wa magharibi ukabaki juu. Msomaji aliyewahi kusimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, pale Manyara au juu ya Naivasha, ataitambua sura ya nchi hiyo, ingawa ufa wa Bourgogne ni mfupi na umelainishwa na mvua za miaka mingi. Magharibi kuna kilima, mashariki kuna tambarare, na katikati kuna ukanda mwembamba wa mteremko unaotazama jua la asubuhi.

Ukanda huo ndio Côte d'Or, na mteremko ndio uliopanga udongo wake. Mvua na barafu humenya mwamba juu, mawe huporomoka, udongo laini huchukuliwa na maji na kutua chini. Kwa hiyo kileleni, penye msitu, udongo ni mwembamba mno na hewa ni ya baridi. Chini kwenye tambarare udongo ni mwingi, mzito na wenye maji. Katikati ya mteremko kuna uwiano: mawe ya kutosha kupitisha maji, na udongo wa mfinyanzi wa kutosha kumlisha mzabibu bila kumnenepesha. Ukitazama ramani ya madaraja ya mashamba ya Bourgogne utaona kwamba mashamba mengi ya Grand Cru yamejipanga katika mstari huo wa katikati.

Clos de Vougeot haliufuati mstari huo. Linaanzia juu, linapita katikati, kisha linashuka moja kwa moja hadi kwenye barabara kuu ya Dijon na Beaune. Tofauti ya mwinuko kati ya mwisho mmoja na mwingine ni mita zipatazo 20 hadi 30 tu. Katika nchi nyingine mita hizo zisingehesabiwa. Hapa zinatosha kubadilisha kila kitu.

Kutembea kutoka juu kwenda chini

Sehemu ya juu inapakana na mashamba mawili yanayoheshimiwa sana, Musigny na Grands-Échézeaux. Udongo wake ni wa kahawia, wenye changarawe na chokaa nyingi, na kina chake ni kama sentimita 40. Chini ya hapo ni mwamba. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unaweza kutembea juu yake bila kuchafuka: maji yamekwisha penya kati ya mawe na kushuka kwenye nyufa. Mizizi nayo huzifuata nyufa hizo.

Ukishuka hadi sehemu ya kati, kina hakijaongezeka sana, ni kama sentimita 45, lakini udongo una mfinyanzi zaidi uliochanganyika na vipande vya chokaa. Ukiufinyanga kiganjani unashikana kidogo kisha unavunjika. Maji hukaa kwa muda, kisha huondoka. Wakulima wengi wangefurahi kupata ardhi kama hii.

Sehemu ya chini ni nchi nyingine. Kina kinafika takriban sentimita 90, udongo ni wa kahawia, mzito, na chini yake kuna tabaka la mfinyanzi na chokaa lisilopitisha maji kwa urahisi. Mteremko umekwisha, ardhi ni karibu tambarare. Ukuta na barabara iliyoinuka vinayazuia maji yaliyoteremka, na kila dhoruba huleta udongo mwingine laini kutoka juu. Baada ya mvua kubwa udongo huo hunata kwenye viatu hadi kila hatua inakuwa nzito. Hewa ya baridi nayo hutiririka chini kama maji yanavyotiririka, kwa hiyo huku chini hatari ya barafu ya majira ya kuchipua huwa kubwa zaidi.

Jambo la kusisitiza ni kwamba ng'ambo ya ukuta upande wa kusini, katika mwinuko uleule, mashamba ya Vosne-Romanée yaliyo karibu na barabara yamepewa daraja la kijiji tu, ngazi mbili chini ya Grand Cru. Hayo yametenganishwa na sehemu ya chini ya Clos kwa unene wa ukuta. Mstari uliochorwa na bahari ya kale na mmomonyoko unapita huku, na mstari uliochorwa na sheria unapita kule.

Udongo humfanyia nini mzabibu

Kabla ya kumlaumu yeyote, ni vizuri kuelewa udongo unafanya kazi gani. Wapo wanaosema kwamba mzabibu hunyonya ladha ya mwamba na kuihamishia kwenye glasi, kwamba ukinywa mvinyo wa ardhi ya chokaa unaionja chokaa yenyewe. Maneno hayo yanapendeza lakini si sahihi. Mzizi hauli jiwe. Hunyonya maji pamoja na madini machache yaliyoyeyuka ndani yake, kama vile potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, na sehemu kubwa ya lishe hiyo hutokana na mboji na wadudu wasioonekana kwa macho, si mwamba moja kwa moja. Mwanajiolojia Alex Maltman wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, huko Wales, amelieleza hili kwa miaka mingi: madini yanayofika kwenye mvinyo ni kidogo sana, na mengi hayana ladha wala harufu.

Kazi kubwa ya udongo ni kugawa maji. Huko Bordeaux, mtafiti Gérard Seguin alichunguza mashamba mashuhuri ya Médoc tangu miaka ya 1960 na akaonyesha kwamba yanachofanana si aina ya mwamba bali jinsi yanavyompa mzabibu maji: ya kutosha asife, pungufu kiasi cha kumzuia asistawi kupita kiasi. Mzabibu ukipata maji tele katikati ya kiangazi, huendelea kutoa matawi na majani, na tunda linavimba. Ukibanwa kidogo, huacha kurefuka na kupeleka nguvu zake kwenye tunda. Tunda linabaki dogo. Rangi ya mvinyo mwekundu, ukakasi wake na sehemu kubwa ya manukato yake vimo kwenye ganda, na tunda dogo lina ganda jingi kuliko maji. Tofauti hiyo ya milimita chache katika punje ya zabibu ya Pinot Noir ndiyo inayomfanya mnywaji aone mvinyo mmoja una kina na mwingine ni mwepesi.

Udongo pia hugawa joto. Mawe yakikauka hupata joto haraka wakati wa majira ya kuchipua, na mzizi huamka mapema. Mfinyanzi ulioshiba maji hukaa baridi, na zabibu huchelewa kuiva. Katika nchi ya baridi kama Bourgogne, ambako kwa karne nyingi hofu ya mkulima ilikuwa mvua za Septemba kuwahi kabla ya mavuno, siku chache za kuchelewa zilikuwa jambo zito.

Kwa hiyo tofauti kati ya juu na chini ya Clos ni ya kweli, na sababu zake zinajulikana. Sasa tuulize ilikuwaje sehemu zote hizo zikaingia ndani ya ukuta mmoja.

Ukuta wa watawa

Abasia ya Cîteaux ilianzishwa mwaka 1098, katika tambarare yenye misitu na majimaji, mahali ambapo mzabibu haustawi vizuri. Watawa walihitaji mvinyo kwa ajili ya Misa, kwa wageni na kwa meza yao, kwa hiyo walitafuta ardhi kwenye mteremko, mwendo wa saa chache kuelekea magharibi. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 12 walianza kupata vipande vya ardhi huko Vougeot. Vingine walipewa sadaka na mabwana waliotaka kuombewa, vingine walinunua, vingine walibadilishana. Kazi hiyo ya kuunganisha kipande na kipande ilichukua zaidi ya karne mbili, na kufikia mwaka 1336 ukuta ulikuwa umelizunguka shamba zima.

Sifa za watawa hao kama wakulima ni za haki. Waliandika kumbukumbu, walipogolea kwa utaratibu, walijenga jengo la kukamulia lenye mashinikizo makubwa manne ya mbao ambayo mgeni anaweza kuyaona hadi leo, na mwaka 1551 wakaongeza juu yake jumba la mawe linalosimama katikati ya mizabibu. Lakini tusiwape sifa wasiyoidai. Ukuta wao haukuchorwa na mpima udongo. Ulizunguka kile kilichopatikana: sadaka hii, ununuzi ule, hadi njia na mipaka ya majirani ilipowazuia. Ni mpaka wa mali. Kusema kwamba watawa waliichagua kila futi kwa kuuonja udongo ni kuigeuza hati ya umiliki kuwa ufunuo.

Hata hivyo, walijua walichonacho. Inasimuliwa kwamba walitengeneza mvinyo wa aina tatu: wa juu kwa Papa, wa kati kwa maaskofu, na wa chini kwa ajili yao wenyewe. Hayo ni masimulizi, lakini yamedumu kwa sababu yanafuata sura ya mteremko kama unavyoonekana. Lililo hakika ni kwamba zabibu zote ziliingia katika jengo moja, chini ya mtunza ghala mmoja. Mwenye ardhi zote tatu alikuwa na uwezo wa kuchanganya. Mwaka wa mvua, sehemu ya juu ilibeba mzigo. Mwaka wa ukame, mfinyanzi wa chini, unaohifadhi maji kama mtungi, ulitoa zabibu nono zilizolainisha ukakasi wa juu. Na mapipa yasiyoridhisha yaliweza kuondolewa yakanywewa nyumbani. Tofauti za udongo, chini ya mkono mmoja, zilikuwa akiba.

Jina lilivyobaki zima, ardhi ikagawanyika

Mapinduzi ya Ufaransa yalitaifisha mali za Kanisa, na mwaka 1791 Clos de Vougeot liliuzwa. Mwanzoni halikugawanywa. Mwaka 1818 liliingia mikononi mwa ukoo wa Ouvrard na likakaa humo kwa miongo mingi, bado shamba moja lenye ghala moja. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1855, ambapo Jules Lavalle alichapisha kitabu chake kuhusu mvinyo wa Côte d'Or na kuliweka Clos de Vougeot katika kundi la juu kabisa. Alichokipa daraja ni mvinyo wa mwenye shamba mmoja.

Mwaka 1889 shamba likauzwa kwa kundi la wanunuzi, wengi wao wafanyabiashara wa mvinyo. Kila mmoja alichukua sehemu yake. Hapo sheria ya urithi ya Ufaransa, inayotaka watoto wagawane mali ya wazazi, ikafanya kazi yake kizazi baada ya kizazi. Wakati huohuo wadudu wa filoksera walikuwa wakiteketeza mizizi kote Bourgogne, na mashamba ikabidi yang'olewe na kupandwa upya kwa kubebesha mizabibu juu ya mashina yaliyotoka Marekani. Leo ukigawa hekta 50 kwa wamiliki wapatao 80 unapata wastani wa takriban theluthi mbili za hekta kwa kila mmoja. Mwenye sehemu kubwa kuliko wote, Château de la Tour, ana hekta zipatazo tano na nusu. Wengine wana mistari michache tu.

Mwaka 1937 dola ya Ufaransa ilipoweka mipaka ya majina yanayolindwa kisheria, ilikubali ukuta kama ulivyo. Haikuwa uzembe. Msingi wa sheria ya majina hayo ni desturi za mahali zilizodumu kwa haki na bila kukatika, na ukuta ule ulikuwa miongoni mwa desturi kongwe za Bourgogne. Zaidi ya hayo, nani angethubutu kuwaambia wenye mashamba ya chini kwamba kile walichonunua kama Clos de Vougeot si Clos de Vougeot? Basi ukuta wa mali ukawa mstari wa ubora. Jina ambalo Lavalle alilipa shamba moja likagawiwa kwa kila mwenye kipande, bila kipande chochote kupimwa upya.

Ili kuona shamba lingeweza kuwaje, tazama Clos de Tart, kilomita chache kaskazini, katika kijiji cha Morey-Saint-Denis. Nalo lilikuwa la watawa, wa kike, kuanzia mwaka 1141. Nalo lina ukuta. Udongo wake pia unabadilika kutoka juu hadi chini. Lakini lina hekta saba na nusu tu, halikushuka hadi kwenye tambarare, na katika miaka yake karibu 900 limekuwa na wamiliki wanne tu, bila kugawanywa hata mara moja. Mistari yake ya mizabibu imepandwa kukingama mteremko ili kuzuia mmomonyoko, jambo ambalo mwenye vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka juu hadi chini hawezi kulifanya. Vipande vya Clos de Tart hutengenezwa kila kimoja peke yake, kisha huchanganywa. Mnunuzi wa Clos de Tart anajua anachonunua. Mnunuzi wa Clos de Vougeot anajua jina tu.

Upande wa pili wa hoja

Wanaotetea hali ilivyo wana hoja tatu nzito, na kila moja inastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba mkulima anazidi udongo. Mtu makini mwenye kipande cha chini, anayepogolea kwa ukali, anayepunguza vichala, anayevuna kwa wakati na kuchambua punje moja moja mezani, anaweza kumshinda mvivu mwenye kipande kilichopakana na Musigny. Hili ni kweli, na wanunuzi wazoefu huanza kwa kutazama jina la mzalishaji. Lakini hoja hiyo ina ncha mbili. Ikiwa mkono ndio unaoamua, basi cheo kilichopewa ardhi kinapoteza maana, maana Grand Cru ni cheo cha ardhi, si cha mtu. Na mkulima yuleyule makini, akipewa kipande cha juu, atafanya vizuri zaidi kwa jasho dogo zaidi.

Ya pili ni kwamba hali ya hewa inabadilika. Kumbukumbu za tarehe za mavuno huko Beaune zinarudi nyuma hadi mwaka 1354, na zinaonyesha kwamba tangu mwaka 1988 mavuno yameanza karibu wiki mbili mapema kuliko ilivyokuwa desturi kwa karne zilizotangulia. Katika miaka ya joto kali kama 2003, mizabibu iliyo juu ya changarawe hukauka na majani huungua, ilhali mfinyanzi mzito wa chini unaendelea kutoa maji. Ile ardhi iliyodharauliwa huenda ikawa kimbilio. Hoja hii ni ya msingi, na inapaswa kutufunza unyenyekevu: ubora wa ardhi haupimwi kwa udongo peke yake bali kwa udongo pamoja na mvua na jua la wakati wake. Lakini haifuti tatizo. Inathibitisha kwamba vipande havifanani, ila tu mshindi hubadilika kulingana na mwaka. Mnunuzi bado anahitaji kujua kipande chake ni kipi.

Ya tatu ni kwamba jina moja ni urithi. Mwaka 2015 UNESCO iliingiza mashamba ya Bourgogne katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Clos de Vougeot ni kitovu cha urithi huo. Kulikata vipande kwa sheria mpya kungekuwa kuharibu kitu ambacho hakiwezi kujengwa tena. Nakubaliana na hili kwa dhati. Sitaki ukuta uguswe. Ila urithi huohuo una vipande vyenye majina ndani ya ukuta, ambavyo watu wa Vougeot wamekuwa wakiviita kwa vizazi: Grand Maupertui na Petit Maupertui juu, Musigni pembeni mwa shamba linalofanana nalo jina, Quatorze Journaux, Montiotes Hautes na Montiotes Basses, na vinginevyo. Majina hayo ni ramani ya udongo iliyoandikwa na watu waliokuwa wakiinama kila siku juu yake. Kuyaficha nyuma ya jina moja si kuuhifadhi urithi wote.

Udongo unaochoka

Kuna jambo jingine ambalo mjadala wa madaraja huliweka pembeni, nalo ni kwamba udongo si kitu kilichoumbwa mara moja kikabaki vilevile. Unaondoka, unajazwa, unashiba na unachoka. Kwa karne nyingi wafanyakazi wa Bourgogne walibeba migongoni udongo ulioporomoka na kuurudisha juu ya mteremko, kikapu kwa kikapu. Katika karne ya 18 ardhi ililetwa kutoka nje na kumwagwa katika mashamba mashuhuri ya Vosne. Kwa hiyo hata ule udongo tunaouita wa asili una alama za mabega ya watu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalikwenda kasi kwa njia nyingine. Mbolea za potasiamu zilimwagwa kwa wingi, dawa za kuua magugu zikachukua nafasi ya jembe, na matrekta yakaugandamiza udongo kati ya mistari. Potasiamu ikizidi hupunguza ukali wa asili wa zabibu, na mvinyo unakosa uchangamfu na uwezo wa kukaa miaka mingi. Mtaalamu wa viumbe vya udongo, Claude Bourguignon, aliwashtua wakulima wa Bourgogne alipowaambia kwamba katika baadhi ya mashamba yao kulikuwa na uhai kidogo kuliko katika mchanga wa Sahara. Wengi walikasirika. Baadhi wakaanza kulima tena, wengine kwa farasi ili kupunguza uzito juu ya ardhi, wakarudisha mboji na kuacha nyasi kati ya mistari.

Hapa umiliki unarudi tena mezani. Katika shamba lenye mmiliki mmoja, uamuzi wa kutunza udongo hufanywa mara moja na kulihusu shamba zima. Katika Clos de Vougeot, jirani mmoja anaweza kulima kwa farasi huku mwenzake, mita moja kando yake, akiendelea kupulizia dawa. Maji ya mvua hayajui mpaka kati yao. Aliye juu akiacha udongo wake wazi, aliye chini ndiye anayepokea matope. Ardhi iliyogawanywa inahitaji maelewano zaidi ya ardhi ya mtu mmoja, na cheo cha Grand Cru hakimlazimishi mtu yeyote kuelewana na mwenziwe. Sheria inampangia kiwango cha msingi cha hektolita 35 kwa hekta, inamwambia apande Pinot Noir, lakini utunzaji wa udongo inamwachia mwenyewe kwa sehemu kubwa.

Lifanyike nini

Wapo wanaopendekeza sehemu ya chini ishushwe daraja. Nadhani ni pendekezo la haki kwenye karatasi na la dhuluma shambani. Lingewanyang'anya watu thamani waliyoirithi au kuinunua kwa nia njema, lingefungua kesi zisizokwisha, na lingepuuza kazi nzuri inayofanywa huko chini na wanaojituma. Zaidi ya hayo, mstari wowote mpya utakaochorwa leo unaweza kupitwa na joto la miaka 50 ijayo.

Lililo jepesi na la haki zaidi ni kusema ukweli. Jina la kipande lichapishwe kwenye chupa, chini ya jina la Clos de Vougeot. Baadhi ya wazalishaji wa ukoo wa Gros wamefanya hivyo kwa muda mrefu, wakiandika Grand Maupertui au Musigni, na hakuna aliyeona kwamba hadhi ya Clos imepungua. Mwenye vipande vya juu na vya chini anayechanganya naye aseme hivyo kwa fahari, kwa sababu anafanya kile watawa walichofanya, naye ndiye aliye karibu zaidi na maana ya zamani ya jina hilo. Mwenye kipande cha chini pekee hatakuwa na sababu ya kuona haya. Katika mwaka wa ukame chupa yake itajisemea, na katika mwaka wa mvua bei yake italingana na hali halisi.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Clos de Vougeot limefika mahali ambapo jina linauza chema na kibaya kwa pamoja, na hasara inawaangukia wawili: mnunuzi aliyeweka akiba yake ili aonje mara moja maishani mvinyo wa shamba alilolisoma vitabuni, na mkulima hodari ambaye chupa yake inawekwa rafu moja na ya mzembe. Wa kwanza akiangukia chupa dhaifu hatalaumu kipande. Atalaumu shamba zima, na pengine Bourgogne yote. Kwa hiyo hata wale wanaonufaika na ukimya wanakula mtaji wa jina walilolirithi.

Watawa wa Cîteaux hawakuacha mvinyo. Mvinyo walioutengeneza umeshanywewa wote. Waliacha ardhi na sifa. Ardhi imegawanyika na haitaunganishwa tena, maana hakuna mfuko wa kuwalipa wamiliki 80. Sifa ndiyo pekee iliyobaki ya wote kwa pamoja, na mali ya pamoja hutunzwa kwa kila mmoja kutoa hesabu ya sehemu yake. Mwenye kipande katika Clos de Vougeot anayeandika wazi zabibu zake zimetoka wapi na udongo wake anautunzaje, analinda jina la majirani zake wote. Anayekataa anaishi kwa sifa waliyoijenga wengine, na sifa isiyoongezwa huisha.